Diski Inayosahau Ikilala

Baba yangu alikuwa na sauti ambayo watu waliijua kabla ya kuijua sura yake. Kwa miaka mingi alisoma redioni taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na hata baada ya kustaafu, akiingia dukani kununua wembe, akisema tu "naomba ule wa bluu," muuzaji alibaki na chenji mkononi akimtolea macho. "Wewe si yule mzee wa saa mbili?" Baba alikohoa kidogo, kwa raha, akakubali kwamba ndiye. Jina likamganda. Mtaani akawa Mzee Saa Mbili, mama akawa Mama Saa Mbili, na mimi shuleni nikaitwa Dakika.

Kustaafu hakukumfaa. Alizunguka nyumbani akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa, hata maelezo ya nyuma ya kopo la rangi, mpaka mama akamwomba atafute mtu mwingine wa kumsomea. Mtu huyo akaja mwenyewe mlangoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya wasioona, mwanamke mrefu, mchangamfu, ambaye naye haoni tangu utotoni. Alifundisha vijana tiba ya viungo: kukanda misuli, kunyoosha maungo yaliyokakamaa, kumrudisha mtu kwenye miguu yake baada ya ajali.

"Wanafunzi wangu wana mikono mizuri," alimwambia baba. "Vitabu ndivyo hawana. Kuna kimoja kinene cha mwili wa binadamu, mifupa yote, misuli yote. Nilikuwa nawaza kama mzee ungeweza..."

"Naweza," baba akasema, kabla hajaambiwa kinachotakiwa ni nini.

Basi familia nzima ikaingia kazini. Mimi ni fundi wa makochi, kwa hiyo chumba kikawa changu. Nilichukua kile chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa cha kuwekea masanduku, nikakivika sponji kuta zote, juu yake kitambaa kizito, nikakipiga pini mpaka mwangwi ukafa. Ukiingia mle ukisema neno, linadondoka hapo hapo miguuni pako. Mama alisema ni kama kuingia ndani ya mto wa kulalia.

Upande wa mashine ukabaki kwa mke wangu. Yeye ni mtaalamu wa kompyuta katika hospitali kuu. Mashine zinazohifadhi picha za mifupa na vifua vya wagonjwa ziko chini ya mkono wake. Alileta kompyuta moja ya zamani lakini imara, akaifungia diski kubwa ya kuhifadhia sauti, akaunganisha kipaza sauti. Kisha akakaa mle chumbani peke yake amefumba macho. Nilipochungulia akaniambia, "Diski hii inaongea." Akageukia kibodi, akaandika maneno machache, akafumba macho tena. "Sasa imenyamaza. Nimeweka amri iwe inaambiwa inyamaze kila kompyuta inapowashwa." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikarudi kwenye makochi yangu.

Baba alianza kusoma, na alisoma kwa mapenzi. Uti wa mgongo aliusoma kama habari njema kutoka bungeni. Lakini kabla hajafika hata kwenye mbavu, sauti ikaanza kumkwama. Mara inapasuka, mara inakuwa kama imepita kwenye mchanga. Daktari akamwingiza kamera ndogo kooni, akaona kinyama kimeota kwenye nyuzi za sauti. Akasema si kinyama kibaya, lakini lazima kitolewe, na hakuficha la pili: sauti inaweza kurudi, lakini huenda isirudi ileile.

Baba akauliza jambo moja tu. "Naweza kumaliza kitabu kwanza?"

Daktari alimtazama, nadhani naye alikuwa miongoni mwa wasikilizaji wa saa mbili. Akamkubalia kwa masharti: asome kwa vipande, anywe maji, apumzike katikati, na siku ya upasuaji isisogezwe.

Hivyo ikawa baba anasoma asubuhi, anakula, analala kidogo, anasoma tena alasiri. Mchana mama aligonga mlango wa chumba. "Baba Dakika, chakula. Na hiyo mashine yako nayo ilale, isije ikatuchomea nyumba." Mama aliogopa sana joto la mashine ile. Baba alibonyeza kitufe, kioo kikawa giza, mashine ikalala, naye baada ya kula akalala. Alasiri baba akiigusa, inaamka palepale alipoacha, hata sentensi aliyokuwa anairekodi bado ipo. Alisema ni mashine yenye adabu. Usiku ndipo alipoizima kabisa.

Kazi ilikuwa imevuka nusu, na sura zilizokwisha tumeshazipeleka shuleni, Mwalimu alipopiga simu. Baba aliweka simu kwa sauti ya juu ili nasi tusikie sifa.

"Mzee, sauti yako ni nzuri mno," Mwalimu akaanza. "Ila samahani, kuna mtu anabisha hodi."

"Nani anabisha hodi?"

"Sijui. Tik. Halafu kimya. Halafu tik. Wanafunzi wanasikiliza kwa hedifoni, kila kitu kwao kiko karibu. Wananiambia ni kama mtu amekaa pembeni anakata kucha. Wakisikia tik, jina la msuli linawatoka kichwani."

Baba alikata simu kwa heshima, kisha akanigeukia kana kwamba mimi ndiye ninayekata kucha. "Pini zako," akasema.

Nami nilifikiri hivyohivyo. Nilipapasa kuta zote, pini moja moja, nikakaza, nikaongeza sponji dirishani. Tukaitoa saa ya ukutani ya chumba cha jirani. Nikabadilisha kiti, maana kiti cha kwanza kilikuwa na mguu wenye wasiwasi. Kila jioni baba alisikiliza alichosoma alasiri, na tik ilikuwa palepale, haina haraka, haina aibu.

Ndipo mama, akiwa anakunja nguo, akasema kwa upole, "Isije ikawa ni meno."

Baba ana meno ya bandia upande wa juu, na si jambo linalotajwa. Damu ilimchemka. Alitoka, akarudi, akatoka tena. Mwishowe, alasiri ile, aliyavua meno akayatia kwenye glasi, akasoma ukurasa mzima bila meno ili ukweli ujulikane. Mifupa ikawa mivupa, na msuli wa paja ukatoka kwa mluzi. Tukasikiliza pamoja. Katikati ya mivupa, tik.

"Haya," baba akasema, akirudisha meno yake. Hakumsemesha mama mpaka chai.

Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila alasiri tuliyopoteza ilikuwa imekula sehemu ya sauti ambayo haikuwa na akiba. Baba alikuwa anasoma akiwa ameshika koo, na niliona anapomaliza anajaribu neno moja kwa sauti ya chini, kama anayepima kilichobaki.

Siku zote hizo mke wangu alikuwa safarini, akifunga mashine katika hospitali ya mji mwingine. Aliporudi, asubuhi moja, hakukaa hata kunywa maji. Aliingia chumbani, akawasha kompyuta, akaiambia irekodi chumba kitupu. Hakuna aliyesoma, hakuna aliyekohoa. Kisha akavaa hedifoni akasikiliza ule utupu, nasi tumesimama mlangoni kama wagonjwa wanaosubiri majibu.

Hakuna tik. Akarudia. Hakuna.

Nimewaona mafundi wengi maishani mwangu, na mimi mwenyewe ni fundi. Mteja akileta kochi linalolia, ukilikalia lisilie, ulimi unawasha kumwambia kochi ni zima, tatizo ni yeye. Mke wangu hakusema hivyo. Alivua hedifoni, akasema, "Mimi sijaisikia. Hiyo haina maana kwamba haipo."

Baba alivuta kiti akaketi karibu naye. "Mwanangu, kama nimeharibu kitu, niambie tu nimeharibu."

"Baba, hujaharibu kitu."

"Maana muda wenyewe unauona."

"Nauona, baba. Ndiyo maana sitaki kubahatisha." Akafikiri kidogo. "Mimi nimesikiliza vipande viwili vitatu. Kuna mtu aliyesikiliza vyote?"

Mwalimu alikuja siku hiyohiyo, fimbo mkononi, na mkoba begani. Mama alimkaribisha kwenye kochi bora kuliko yote niliyowahi kutengeneza, naye akalipapasa mkono wa kochi akasema, "Hili halikufanywa na mtu wa haraka," nikampenda papo hapo. Aliomba feni izimwe. Mke wangu akakaa chini, kwenye zulia, karibu na miguu yake, kama mtu aliyekuja kusikiliza hadithi.

"Mwalimu, nieleze tik zilipo. Usiniambie zinasikikaje, niambie ziko wapi."

Mwalimu aliinua uso. Hakuwa na karatasi wala simu, alikuwa anakisoma kitabu chote kichwani. "Mgongo, mwanzo ni safi kabisa. Tik zinaanza kwenye kiuno, zinakwenda mpaka mwisho wa nyonga. Mbavu, safi. Bega ndilo lililonitesa: mwanzo safi, kisha tik mpaka kwenye kiwiko. Kiganja safi." Akatabasamu kidogo. "Na kuna jambo jingine, lakini mzee asiudhike."

"Nimeshaambiwa kuhusu meno," baba akasema. "Hakuna kitakachoniudhi tena."

"Sauti yako ni mbili. Kuna moja nyepesi, yenye ukavu kidogo, inavuta pumzi ndefu. Na kuna moja nzito, inavuta pumzi fupifupi, kama ya mtu aliyeshiba. Tik zote ziko kwenye sauti ya mtu aliyeshiba."

Mama ndiye aliyesema, "Basi ni alasiri. Asubuhi anasoma kabla hajala."

Mke wangu alipiga magoti. "Baba, kati ya asubuhi na alasiri mnafanya nini?"

"Tunakula. Nalala kidogo."

"Na kompyuta unaizima?"

"Siizimi. Nayo inalala. Mama yako hataki ibaki macho."

Nilimwona mke wangu akishika kichwa kwa mikono miwili. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni. "Inalala," akasema. "Mimi niliipangia mambo yote ya kuwashwa. Ya kuamka sikuipangia."

Tukajazana sote kwenye chumba cha sponji, Mwalimu katikati. Mke wangu aliiuliza diski jambo kwa maandishi, ikajibu kwenye kioo: tulivu, kama alivyoiamuru. Akailaza kompyuta. Tukasubiri kwenye giza la kioo. Akaiamsha, akaiuliza diski swali lilelile. Jibu lilikuwa jingine kabisa. Tukatega masikio. Mwalimu akainua kidole.

"Huyo hapo."

Sisi wengine hatukusikia kitu. Mke wangu akaweka sikio lake karibu kabisa na kasha la mashine, akatikisa kichwa kukubali. Mara ya pili, baada ya kuambiwa pa kusikiliza, hata mimi niliisikia. Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya chuma kilichotua mahali pake. Kipaza sauti cha baba, kwa ubora wake wote, kilikuwa kinaichukua kama kilivyochukua pumzi yake.

"Nielezee mimi," mama akasema. "Mashine ikilala kuna ubaya gani? Hata mimi nalala."

Mke wangu alimgeukia, na hivi ndivyo ninavyompenda akiwa kazini, maana hamwelezi mtu kwa kumdharau wala kwa kumrukisha. "Mama, ndani ya diski kuna sahani inayozunguka, na kijiti chembamba kinachopita juu yake kikisoma na kuandika. Kiwandani wamekifundisha kwamba kikikosa kazi kwa muda mfupi kikajiegeshe pembeni. Kikijiegesha, tik. Baba akisoma, kompyuta inaandika sauti kidogokidogo, kwa hiyo kijiti kinaenda, kinarudi, kinajiegesha tena. Tik, tik. Mimi niliikataza diski tabia hiyo. Lakini katazo langu inalikumbuka ikiwa na umeme tu. Umeme ukikatika, inarudi kwenye mafunzo ya kiwandani."

"Umeme haujakatika siku zote hizi," baba akasema.

"Kwa diski umekatika, baba. Kompyuta ikilala inajibakizia umeme kidogo wa kukumbuka ulipoishia, diski inaizima kabisa. Kompyuta ikiwashwa upya, inaiambia diski kila kitu tangu mwanzo, pamoja na katazo langu. Ikiamka kutoka usingizini, inadhani inaendelea tu na kazi, haioni haja ya kurudia. Diski imeamka imesahau, na hakuna wa kuikumbusha."

Mama alifikiri. "Kwa hiyo si meno."

"Si meno, mama."

"Basi nisamehe, Baba Dakika," mama akasema, na baba akalipokea ombi lile kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama anayemaliza taarifa.

Suluhisho jepesi lilikuwepo, na baba ndiye aliyelitaja: tusiilaze tena. Mke wangu akakubali tufanye hivyo alasiri ile, ili kusoma kusisimame. Lakini hakutaka kuishia hapo. "Siku moja utasahau, baba. Au utakawia kwa simu, ijilaze yenyewe. Au mama atapita."

"Mimi nimefanya nini tena?" mama akauliza.

Jioni ile, baba alipomaliza, mke wangu aliketi pale nikiwa nimekaa nyuma yake nikishona mto. Aliandika amri nyingine, ya kutekelezwa kila kompyuta inapoamka: mara tu unapofumbua macho, iambie diski ikae kimya. Akailaza, akaiamsha, akaiuliza diski. Tabia ya kiwandani. Akarudia, jibu lilelile. Niliona mabega yake yakishuka kidogo. Akakunja miguu juu ya kiti, akabaki akikitazama kioo bila kugusa kitu.

"Imekataa?" nikauliza.

"Haikukataa. Haikusikia." Aliinuka, akaweka kiganja juu ya kasha, akailaza, akaiamsha, akisubiri kitu mkononi mwake. Nami nikaweka changu pembeni ya chake. Kioo kiliwaka kwanza. Baadaye kidogo ndipo nikahisi mtetemo wa sahani ikianza kuzunguka. "Umeona? Kompyuta inaamka haraka, diski inaamka polepole. Amri yangu imetolewa wakati diski bado haijafumbua macho. Nimeongea na mtu aliyelala."

Wengi wangeiambia amri isubiri kidogo, wakakadiria muda, wakaenda zao. Yeye alikataa kukadiria. Alisema leo diski inaamka kwa muda huu, kesho itakuwa imezeeka, itachelewa zaidi, na tik itarudi baba akiwa katikati ya sentensi. Akaipanga kwa namna nyingine: kompyuta ikiamka, ibishe hodi kwa diski mpaka ijibu. Ikijibu, ndipo ipewe amri. Ikishapewa, iulizwe inakumbuka nini, na ikijibu vibaya iambiwe tena. Na mpaka diski ithibitishe, programu ya kurekodia isikubali kuanza.

Alijaribu. Alilaza, akaamsha, akauliza, na jibu likaja: tulivu. Alirudia mara nyingi kuliko nilivyokuwa na subira nayo, mara nyingine akiiamsha kwa kitufe, mara kwa kipanya, mara akiilaza na kuiamsha papo kwa papo kama anayemchokoza mtoto. Kila mara jibu lilikuwa moja. Mimi mto wangu nilikuwa nimeuacha zamani. Nilikuwa namtazama tu, jinsi alivyokuwa hajiamini mpaka mashine imthibitishie, na nikajiambia kochi la mtu wa namna hii lisingelia kamwe.

Ikabaki ile kazi iliyokwisha kuharibika, alasiri zote zile. Baba alijitolea kuzisoma upya, lakini alipojaribu sentensi ya kwanza sauti ikateleza. Haingewezekana, sote tulijua, hakuna aliyetaka kulisema. Akalisema Mwalimu.

"Mzee, hutasoma upya. Tik nyingi zimeangukia kwenye vituo vyako. Wewe unapumzika vizuri kwenye nukta, na kituo hakina neno la kupotea. Zile tunaweza kuzifuta, si ndiyo?" akamwuliza mke wangu.

"Zinafutika, nikijua ziko wapi."

"Pa kuzipata nitakuonyesha mimi."

Wakagawana kazi. Kila siku mke wangu akitoka hospitali walikaa kwenye chumba changu cha sponji, bega kwa bega, hedifoni mbili. Mwalimu alisikiliza, akigonga meza kwa kucha kila tik inapopita. Mke wangu alisimamisha, akalitafuta lile kovu dogo kwenye mchoro wa sauti, akaliondoa, akaziba kwa kipande cha ukimya wa chumba hichohicho. Mwanzo alikuwa anaziba kwa ukimya mtupu, Mwalimu akakataa. "Hapa umetoboa shimo," akasema. "Chumba kimeondoka." Mke wangu hakubisha. Alijifunza kusikia tofauti ya kimya na kimya, na siku chache baadaye alianza kugonga meza mwenyewe, mara nyingine sambamba na Mwalimu, wakacheka kama wasichana.

Tik zilizogonga neno, hizo peke yake, ndizo zilizorudi kwa baba. Hakusoma sura, hakusoma ukurasa, alisoma sentensi tu. Alikuwa akikaa jikoni amefunga shingo kwa kitambaa, hasemi na mtu, akiitunza sauti, mpaka aitwe. Akiitwa aliingia, akanywa maji, akasema, "Msuli huu unaanzia juu ya bega, unashikana na mfupa wa mkono," akatoka kimya. Mwalimu alimchagulia saa kwa sikio: sentensi za sauti nyepesi asome kabla hajala, za sauti nzito baada ya kula. Baba, aliyewahi kumfokea mhariri wake redioni aliyemwambia aongeze kasi, aliwafuata wanawake wale wawili bila swali. Siku moja aliniambia kwa mnong'ono, "Mkeo ana masikio. Nilidhani ana vidole tu."

Sura za mwisho zilisomwa asubuhi na alasiri, na katikati kompyuta ilikuwa inalala kama zamani, maana mama aliruhusiwa tena kupita na kuilaza. Ilipoamka ilikaa kidogo, ikihojiana na diski yake, kisha ikamfungulia baba mlango. Tik haikurudi. Baba alimaliza na nyayo za miguu, akasema "mwisho wa kitabu," na kwenye neno "kitabu" sauti ikakatika kabisa. Mwalimu alipoulizwa kama neno lile lirekebishwe, akasema liachwe lilivyo.

Upasuaji ulikwenda salama. Baba alikatazwa kusema, na kwa mtu yule ilikuwa adhabu kubwa kuliko kisu. Aliporuhusiwa, sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya upande mmoja, kama ya ndugu yake mdogo ambaye hatukuwahi kumwona. Aliisikiliza mwenyewe, akainama. Mama akamshika mkono. Kisha akasema kwa sauti hiyohiyo, "Itatosha kuagiza chai," na mama akaenda kuipika huku akilia na kucheka.

Shuleni tulikwenda pamoja, siku ambayo wanafunzi walikuwa kwenye mazoezi ya vitendo. Walikuwa wawiliwawili, mmoja amelala kitandani, mwingine akimpapasa mgongo na kutaja anachokigusa. Kijana mmoja alipotea njia chini ya bega, akasimama, akatega sikio kwa kitu ambacho hakikuwepo chumbani, midomo ikicheza kidogo, kisha vidole vyake vikashuka moja kwa moja mahali panapotakiwa. Baba alikuwa amesimama mlangoni na alikiona kile. Hakuingia. Alivua kofia akaishika kifuani.

Chumba cha pili mke wangu alikuwa amepiga magoti chini ya meza, mbele ya kompyuta za maktaba ya sauti za shule, ambazo nazo zilikuwa na tik zao za siku nyingi ambazo watu walishazizoea. Mwalimu alikuwa ameketi karibu akimpa bisibisi bila kuombwa.

Njiani tukirudi nilijaribu kumwambia mke wangu yaliyokuwa moyoni mwangu. Mimi si mtu wa maneno. Nilianza vibaya, nikasema kwamba kwa siku zote zile nilikuwa namtazama, na kwamba nilikuwa sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile.

"Mimi?" akasema, akifuta vumbi magotini. "Mimi ndiye niliyesahau kuipanga. Aliyesikia ni Mwalimu. Aliyejua ni alasiri ni mama."

"Na aliyekataa kukadiria?"

Alitembea kidogo, akatabasamu akitazama upande mwingine, halafu akaniuliza kama nimebakiwa na sponji, maana chumba cha kurekodia cha shule kina mwangwi mbaya sana, na Mwalimu ameshapata msomaji mwingine, muuguzi mstaafu, anayetaka kuanza wiki ijayo. Nikamwambia ninayo ya kutosha.